Mabondia wetu wanapigwa na mizani kabla ya kengele kulia

ATAKAYEFIKA katika ukumbi wa ndondi za ridhaa humu nchini asubuhi ya siku ya mapigano, iwe ni Kaloleni jijini Nairobi au Tononoka kule Mombasa, atakutana na mambo ambayo mashabiki wanaokuja jioni hawayaoni. Vijana wamepanga foleni wakiwa na nguo za ndani pekee. Mmoja midomo imemkauka hadi ikapasuka. Mwingine anatema mate katika chupa ya plastiki, tone kwa tone. Wa tatu amevaa majaketi mawili juu ya karatasi ya nailoni na anaruka kamba nyuma ya ukumbi, huku mwenzake akimhesabia dakika. Wote hao wanangoja mizani.

Jioni ya siku hiyo, kijana yule wa majaketi akiishiwa pumzi katika raundi ya pili, mashabiki watasema hakufanya mazoezi. Wengine watamsingizia pombe au wasichana. Lawama hiyo mara nyingi huelekezwa pasipostahili. Kilo za bondia hazitengenezwi katika juma la mwisho. Hutengenezwa katika miezi ile ambayo hana pigano lolote, na ndiyo miezi ambayo klabu, chama wala serikali hakuna anayejua kijana huyo ana uzani gani.

Msomaji hana budi kwanza kuielewa tofauti iliyopo kati ya bondia wa kulipwa na yule wa ridhaa. Wa kulipwa hutia saini mkataba akajua tarehe, akajua mpinzani, akajua na kilo zilizokubaliwa. Hupimwa siku moja kabla ya pigano, kisha huwa na takriban saa 24 za kunywa, kula na kulala. Wa ridhaa hupimwa asubuhi ya siku ile ile anayopigana, na huenda akaitwa ulingoni saa chache tu baadaye. Tena akishinda hajamaliza. Katika mashindano makubwa anaweza kupigana mara nne au tano kwa muda wa siku kumi hivi, na kila asubuhi ya siku yake sharti arudi kwenye mizani ile ile na kuonyesha kilo zile zile.

Kwa hivyo bondia wa ridhaa ana vipindi viwili kati ya pigano moja na jingine. Kipo kile kifupi, cha usiku mmoja au siku mbili ndani ya mashindano. Kipo na kile kirefu, cha miezi kadhaa kati ya mashindano na mashindano. Anayeharibu kile kirefu hawezi kukiokoa kile kifupi.

Tuanze na kifupi. Katika raundi tatu za dakika tatu tatu, pamoja na muda wa kupasha misuli moto, bondia anaweza kumwaga kilo nzima ya jasho. Maji hayo yanapaswa kurudishwa, na kanuni ambayo wataalamu wa lishe ya michezo huitumia ni takriban lita moja na nusu kwa kila kilo iliyopotea, yakiandamana na chumvi kidogo ili mwili uyashike. Sasa mchukue kijana aliyejikausha hadi akafika kilo 60 kamili. Akinywa lita mbili usiku huo na kula sahani ya ugali, mizani ya kesho kutwa itasoma 61 na ushei, naye ataondolewa bila kurusha hata konde moja. Anachofanya ni kusukutua maji na kuyatema. Anaingia katika pigano la pili akiwa mkavu kuliko la kwanza, na la tatu akiwa mkavu zaidi.

Bondia aliyezoea mwili wake hana hofu hiyo. Anajua kwamba usiku, kwa pumzi, jasho na mkojo, hupungukiwa na kiasi fulani, ambacho kwa watu wengi ni kati ya nusu kilo na kilo moja. Hulala akiwa na nusu kilo ya ziada na kuamka akiwa sawa. Hesabu hiyo haipatikani vitabuni. Hupatikana kwa kujipima usiku na asubuhi kwa majuma mengi na kuandika daftarini, jambo ambalo mtu asiye na mizani hawezi kulifanya.

Mwaka wa 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, ulimwengu mzima ulishuhudia jinsi gramu chache zinavyoweza kuzika kazi ya miaka. Mwanamiereka Vinesh Phogat wa India alishinda mapigano matatu katika siku moja, likiwemo dhidi ya Yui Susaki wa Japan aliyekuwa bingwa mtetezi. Akafuzu kwa fainali ya uzani wa kilo 50. Baada ya kula na kunywa ili arejeshe nguvu alijikuta na kilo za ziada, akakesha akijitoa jasho, hata nywele zikakatwa. Asubuhi ya Agosti 7 mizani ilisoma gramu 100 zaidi. Alifutwa katika mashindano, na rufaa yake katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikatupwa.

Wengi walimhurumia kwa kusema kwamba alikosa bahati. Mimi naona kisa hicho kilianza zamani kabla ya usiku ule. Katika Michezo ya Tokyo, Phogat alishiriki katika uzani wa kilo 53. Alishuka hadi 50 kwa sababu nafasi ya India katika kilo 53 ilikuwa imeshachukuliwa na mwenzake. Miereka si ndondi, lakini kanuni ya kupimwa upya asubuhi ni ile ile, na makocha wetu wanapaswa kukisoma kisa hiki kwa makini. Nani asiyemjua kijana aliyeambiwa ashuke uzani mmoja kwa kuwa wa kwake tayari una mwenyewe katika timu ya taifa?

Mwili ukikaushwa hulipiza. Kupoteza maji ya asilimia mbili tu ya uzani wa mwili kunatosha kupunguza stahamala ya mwanamichezo. Kwa bondia wa kilo 60 hiyo ni kilo moja na gramu 200. Damu huwa nzito, moyo hupiga mbio zaidi kwa kazi ile ile, figo hubanwa. Jambo linalowatia hofu zaidi madaktari wa michezo ni ubongo. Ubongo umezungukwa na majimaji yanayoukinga usigonge fuvu, na mtu aliyejikausha kisha akapigwa kichwani anaiweka kinga hiyo katika majaribu. Katika mchezo ambao lengo lake ni kumpiga mtu kichwani, kuipuuza hofu hiyo ni kumchezea mtu uhai.

Marekani ilijifunza kwa msiba. Kati ya Novemba na Desemba 1997 wanamiereka watatu wa vyuo vikuu nchini humo walifariki katika muda wa majuma machache, kila mmoja akijaribu kushusha kilo kwa kufanya mazoezi ndani ya joto kali huku amevaa nguo zisizopitisha hewa. Chama cha michezo cha vyuo hivyo hakikuishia kutuma rambirambi. Kilipiga marufuku nguo hizo na vyumba vya mvuke, kikaagiza kila mwanamiereka apimwe kabla ya msimu, mkojo wake ukaguliwe kuhakikisha hajajikausha, kisha apangiwe kiwango cha chini ambacho hatakivuka msimu wote. Kasi ya kupungua pia iliwekewa mpaka, nayo ni asilimia moja na nusu ya uzani wa mwili kwa juma. Kijana wa kilo 66 anayetaka kushuka hadi 60 kwa mpango huo anahitaji zaidi ya majuma sita. Hapa kwetu kijana huyo hupewa siku kumi.

Ipo njia nyingine ya mkato, nayo ni tembe za kuongeza mkojo. Daktari huziandika kwa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu, lakini mwanamichezo mwenye haraka hutafuta pa kuzinunua bila karatasi ya daktari. Mabondia wenye kuzimeza huenda hawajui kwamba dawa hizo zimo katika orodha ya Shirika la Kupambana na Pufya Duniani (WADA), na zimepigwa marufuku wakati wote, mashindanoni na nje ya mashindano, kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine katika mkojo. Kenya imekwisha kuaibika vya kutosha kwa sababu ya wanariadha waliopatikana na pufya. Litakuwa jambo la kusikitisha kijana wa ndondi akifungiwa miaka kadhaa kwa sababu ya tembe aliyoimeza ili apunguze kilo mbili ambazo zingeondoka zenyewe kwa mwezi mmoja wa kula kwa mpango.

Ni haki pia kukiri kwamba mizani yenyewe imekuwa ngumu zaidi. Katika Michezo ya Seoul ya mwaka 1988, wanaume walikuwa na uzani 12, na kati ya kilo 57 na 71 palikuwa na vituo vya 60, 63.5 na 67. Huko ndiko Robert Wangila alikotwaa dhahabu ya uzani wa welter, kilo 67, akiwa Mkenya pekee hadi leo aliyewahi kushinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Kufikia Paris 2024 wanaume walibakishiwa uzani saba: 51, 57, 63.5, 71, 80, 92 na zaidi ya 92. Anayepima kilo 67 kwa kawaida yake alitakiwa ama apambane na watu wa 71, ama ajikaushe kilo tatu na nusu afike 63.5.

Nimejaribu kuipitia orodha ya medali zetu kwa jicho hilo. Mabondia wa Kenya wametwaa medali saba za Olimpiki. Philip Waruinge alitwaa shaba mwaka 1968 na fedha mwaka 1972 katika kilo 57, na Ibrahim Bilali shaba mwaka 1984 katika kilo 51. Hao wangepata pa kusimama Paris. Samuel Mbugua wa kilo 60 na Dick Murunga wa kilo 67, waliotwaa shaba mjini Munich mwaka 1972, hawangepata. Wangila hangepata, wala Chris Sande wa kilo 75 aliyetwaa shaba Seoul. Medali nne kati ya saba zilitoka katika uzani ambao Paris haikuwa nao. Kenya haikupeleka bondia hata mmoja Paris, na ingawa siwezi kudai kwamba kilo ndizo zilizotuzuia, nafasi zilipokuwa chache kiasi hicho nchi zilizowapangia mabondia wao uzani mapema zilikuwa mbele yetu kwa hatua nyingi.

Sasa tugeukie kile kipindi kirefu, ambacho ndicho kiini cha mambo. Mashindano yakiisha, bondia wa timu ya jeshi, polisi au magereza hurudi kazini. Ana mshahara, ana pahali pa kula na ana wenzake wa kufanya nao mazoezi. Yule wa klabu ya mtaani hurudi Mathare au Korogocho kutafuta kibarua cha mjengo. Mchana hula kinachoshibisha kwa bei nafuu, yaani chapati mbili na maharagwe, au ugali mkubwa na mboga kidogo, kisha soda, ambayo chupa yake ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari. Kazi ya mjengo humlinda kiasi. Ikikosekana kwa majuma matatu, na mazoezi yakalegea kwa kuwa hakuna mashindano yanayotazamiwa, kilo huanza kupanda. Desemba ikifika huenda mashambani kuwaona wazazi, ambako kumnyima mgeni chakula ni matusi, na Januari hurejea mjini akiwa na kilo tano za ziada ambazo hajui anazo.

Baadaye simu hulia. Mchujo ni baada ya siku 12. Je, kijana huyo afanye nini? Kuchoma kilo moja ya mafuta kunahitaji upungufu wa takriban kalori 7,700, na hakuna binadamu anayeweza kuchoma kilo tano za mafuta kwa siku 12 na bado awe na nguvu za kurusha ngumi. Kitakachotoka ni maji, na pamoja nayo ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, ambao kila gramu yake hushikana na takriban gramu tatu za maji. Ndiyo maana mtu anayefunga kula hushuka haraka siku za mwanzo akafurahi. Alichopoteza ni petroli ya raundi ya tatu.

Hata walio mabingwa wa dunia hawakuepuka mtego huu. Roberto Durán alimshinda Sugar Ray Leonard mjini Montreal mnamo Juni 20, 1980. Alisherehekea hadi akanenepa kupita kiasi, kisha pigano la marudiano likapangwa Novemba 25 mwaka huo huo mjini New Orleans. Alishusha kilo kwa haraka, akapimwa siku ya pigano, akala chakula kingi, na katika raundi ya nane akampa Leonard mgongo na kukataa kuendelea. Mwenyewe alisema tumbo lilimkata. Wapo wanaoamini kwamba alichoshwa na mbwembwe za Leonard, na huenda yote mawili ni kweli. Kinachonivutia ni ile miezi mitano iliyotangulia. Durán alikuwa na fedha, wapishi na makocha. Kijana wa mtaani ana nini?

Wapo wanaostahili kuangaliwa kwa uangalifu zaidi. Bondia wa kike anayekula kidogo kuliko mwili wake unavyohitaji, mwezi baada ya mwezi, anaweza kukosa hedhi na mifupa yake ikadhoofika. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa mwongozo kuhusu hali hiyo mwaka 2014 na kueleza kwamba hata wanaume hupatwa nayo. Hili ni jambo ambalo msichana hawezi kumwambia kocha wa kiume mbele ya watu, na klabu nyingi hazina mwanamke yeyote wa kuambiwa. Kwa upande wa chipukizi, kijana wa miaka 15 anayelazimishwa abaki katika uzani alioshindia mwaka uliopita anazuiwa kukua. Huyo aachwe apande.

Tatizo hili halihitaji mabilioni. Linahitaji mizani iliyo sahihi katika kila ukumbi wa mazoezi, na daftari. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kunywa chai, kila bondia apande na kilo zake ziandikwe, mashindano yawepo au yasiwepo. Kocha akiona kijana wa kilo 60 amefika 63, huo ni wakati wa kuzungumza: kupunguza chapati na vinywaji vya sukari, kuongeza mayai, omena, dengu na sukuma wiki, na kukimbia asubuhi. Nusu kilo kwa juma itaondoka bila mtu kutema mate chupani. Akiona kijana huyo amekaa 65 kwa miezi minne huku akifanya mazoezi sawasawa, basi akubali kwamba huyo si bondia wa kilo 60 tena, na amtafutie nafasi ya juu.

Daftari hilo hata hivyo halitafaa kitu iwapo ratiba itaendelea kuwa siri ya wachache. Hapa ndipo viongozi wa ndondi wanapopaswa kujibu. Mkulima hawezi kupanga kupanda bila kujua mvua inakuja mwezi gani. Mashindano yakitangazwa leo na kuahirishwa kesho, kisha yakaitishwa ghafla kwa kuwa fedha zimepatikana, bondia hulazimika kuchagua kati ya kukaa katika uzani wa mapigano mwaka mzima, jambo linaloudhoofisha mwili, au kuachilia na kujikausha akiitwa. Wengi huchagua la pili. Tarehe za mchujo zingejulikana miezi mitatu kabla, nusu ya majaketi tunayoyaona nyuma ya kumbi yangevuliwa.

Suala hili lina haraka yake, kwani mpangilio wa kilo umebadilika tena. Tangu mwaka 2025 shirikisho jipya la kimataifa, World Boxing, lililotambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka huo huo, linatumia uzani 10 kwa kila jinsia. Kwa wanaume ni 50, 55, 60, 65, 70, 75, 80, 85, 90 na zaidi ya 90. Aliyezoea 57 sasa hana kwao. Atashuka kilo mbili au atapanda na kukutana na watu wa 60. Wa 63.5 na wa 71 nao wamo katika hali hiyo. Isitoshe, katika Michezo ya Los Angeles ya mwaka 2028 kutakuwa na uzani saba tu kwa kila jinsia, maana yake ni kwamba bingwa wa taifa katika uzani fulani anaweza kujikuta hana mlango wa kuingilia Olimpiki isipokuwa abadilishe kilo. Kupanda uzani mmoja kwa misuli, si kwa mafuta, ni kazi ya mwaka na zaidi. Kocha wa timu ya taifa anapaswa kuwa ameketi na kila bondia wake, mmoja mmoja, wakiwa na daftari la kilo mezani, na kuamua nani anaelekea wapi. Daftari hizo, katika klabu nyingi, bado hazijanunuliwa.